Mabao ya Misheck

Siku ambayo Misheck Kivuti alifunga mabao mawili kule Ubelgiji, Misheck Kivuti alikuwa amesimama kwenye foleni ya kituo cha kununulia chai pale Kibugu, kikapu mgongoni, akisubiri majani ya mamake yapimwe.

Vijana watatu walikuwa wameinamia simu moja. Mtangazaji wa Kizungu alipayuka, "Misheck Kivuti! Misheck Kivuti!" nao wakarukaruka na kupigana vibao vya mgongo. "Nino wetu ameua! Ameua kabisa!" Kisha mmoja akageuka, akamwona Misheck na kikapu chake, akasema, "Hongera basi, Misheck. Kumbe uko na mguu." Foleni nzima ikacheka. Misheck naye akacheka. Alikuwa kijana wa namna hiyo, wa kucheka ili watu wamalize upesi waende zao.

Ruguru, mamake, hakucheka. Hasira zilimpanda hata akasahau kuangalia mizani, na mpaka leo hajui chai yake ya siku hiyo ilisoma kilo ngapi. Aliyefunga hakuwa Misheck. Aliyefunga alikuwa Oscar, mwana wa dada yake. Misheck ni huyu hapa, mwenye gambuti za matope, miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho, na hana kitambulisho. Hana, na hawezi kupewa, kwa sababu serikali inasema Misheck Kivuti Mwaniki ana kitambulisho tayari, na anacheza kandanda Ulaya.

Tuanze na jina, maana jina ndilo lililoleta balaa lote. Huku mlimani na kule chini Mbeere, mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Mwana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama, na hapo hakuna mjadala. Mzee Kivuti alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Ciakuthii, aliolewa na Kithaka huko Siakago kwenye jua na ndengu. Mdogo, Ruguru, akaolewa na Mwaniki hapa Kibugu kwenye baridi na chai. Kila mmoja alipozaa mwana wa pili akamwita Kivuti, jina la baba yao. Wa Ciakuthii akabatizwa Oscar, wa Ruguru akabatizwa Misheck, na wavulana hao wakaitana wajina tangu walipojua kusema.

Oscar alimtangulia Misheck kwa karibu miaka minne. Alizaliwa ile mvua ya El Niño, siku ambayo maji yalibeba daraja na mamake akajifungulia ndani ya kinu cha kusagia unga, katikati ya magunia. Ndiyo maana Siakago nzima haimwiti Oscar. Inamwita Nino.

Na Nino alikuwa na miguu, hilo hata adui yake hawezi kulikana. Alichezea shule ya upili mpaka ndevu zikamwota, akirudia vidato kama anayerudia chakula. Walimu wa michezo walimwonya asichukue kitambulisho kamwe, kwa sababu kitambulisho kina mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wa kuzaliwa haujui kutetea mtu. Basi akafika miaka ishirini na mmoja bila kitambulisho, akiwa bado mtoto wa shule kwenye karatasi za mashindano.

Ndipo siku moja ya Januari Ciakuthii akapanda Kibugu na debe la ndengu na mwanamume wa viatu vyenye ncha. Mwanamume aliitwa Gachoki, naye alikuwa wakala wa wachezaji. Alikunywa chai ya Ruguru vikombe vitatu, akasifu ng'ombe, akasifu maua, kisha akasema lililomleta.

"Mama, mzungu hanunui mchezaji wa miaka ishirini na moja ambaye hamjui. Ananunua wa kumi na saba, ndio amlee mwenyewe. Nimeskia uko na kijana wa kumi na saba."

"Ni cheti tu cha kuzaliwa, Ruguru," Ciakuthii akasema. "Wiki mbili, nakurudishia. Kwani jina si ni lile lile? Si ni la baba yetu?"

Jina ni lile lile. Maneno hayo manne yalimwingia Ruguru kwa urahisi mno, na hilo ndilo hajajisamehe. Kwake, jina la mzee Kivuti lilikuwa la wote waliolibeba, mfano wa kisima cha ukoo: anayekuja na mtungi anachota. Akaenda chini ya godoro, akatoa cheti. Walipomletea fomu ya pasipoti, mahali palipoandikwa mzazi, akatia sahihi yake, pole pole, kwa mwandiko wa darasa la saba. Mwezi wa nane dada yake akaomba nakala ya kitambulisho cha Ruguru, naye akaitoa bila kuuliza ni ya nini. Mwaniki, mumewe, alikuwa ameshafariki, na hakukuwa na mtu wa kumwambia wewe mwanamke una wazimu.

Oscar akapanda ndege akiitwa Misheck Kivuti Mwaniki, miaka kumi na minane. Wiki mbili za cheti hazijaisha mpaka leo.

Januari iliyofuata, Misheck mwenye jina lake akamaliza kidato cha nne, akaenda mjini Embu kuomba kitambulisho. Karani alibonyeza mashine, akamtazama, akabonyeza tena. "Misheck Kivuti Mwaniki alichukua kitambulisho Agosti," akasema. "Picha yake hii hapa. Sasa wewe ni nani?" Misheck aliitazama ile picha ya Oscar. Alirudi nyumbani kwa miguu kutoka barabarani, akavua viatu vya shule, akamuuliza mamake swali lile lile: "Mimi ni nani, mama?"

Ruguru akampigia dada yake. Ciakuthii akalia kwenye simu. Kijana ndiyo kwanza amefika, bado yuko benchi, asiharibiwe, mwaka huu tu. Mwaka uliofuata, Nino amevunjika bega, amepelekwa kwa mkopo kwenye timu ya daraja la tatu, mwaka huu tu. Mwaka uliofuata, ndiyo kwanza ameanza kufunga. Misheck akapoteza miaka miwili akichuma chai. Hana laini ya simu ya jina lake, hana akaunti ya benki, hapigi kura, na akikutana na polisi barabarani anatoa kadi ya maktaba. Baadaye mwalimu mkuu wa chuo kimoja cha uuguzi kule Kaaga, Bi Nkirote, alitazama alama zake za mtihani akamwonea huruma, akampokea kwa ahadi kwamba kitambulisho kitakuja. Miaka mitatu Misheck amefunga vidonda vya watu, amezalisha akina mama, amefunga macho ya waliokufa. Sasa Bi Nkirote alikuwa amempigia Ruguru mwenyewe.

"Mama Misheck, nimejaribu. Majina ya mtihani wa baraza la wauguzi yanafungwa tarehe thelathini mwezi wa sita. Bila nambari ya kitambulisho, mashine haikubali. Asipofanya mtihani huu, hiyo miaka mitatu ni ya bure."

Na kule Ubelgiji mashabiki walikuwa wamemtungia Oscar wimbo. Nino, Nino, wanaimba, uwanja mzima. Wazungu hao walidhani ni lile neno la Kihispania la mtoto mdogo, nao wakampenda zaidi, mtoto wao mdogo kutoka Afrika. Mtoto mdogo! Mtu aliyeanza kunyoa ndevu kabla Misheck hajamaliza darasa la tano.

Oscar alikuja nyumbani mwezi wa sita, ligi ilipofungwa. Ikatangazwa ibada kubwa ya shukrani, Jumapili, katika uwanja wa shule ya msingi pale Siakago. Jumamosi Ruguru akateremka na Misheck. Hakubeba majani chai wala mboga za kumpelekea dada yake. Alibeba mfuko wenye barua aliyoituma Bi Nkirote baada ya simu ile, na hasira yake mwenyewe.

Nyumba ya Ciakuthii ilikuwa mpya, ya mabati mekundu, na vigae vinavyoteleza. Oscar alimwona Misheck mlangoni akamrukia. "Wajina! Wajina wangu!" Akamkumbatia mpaka akamwinua kutoka chini, na Misheck akacheka, safari hii kwa kweli, kwa sababu alimpenda Oscar tangu utotoni na mapenzi hayo hayajui kusoma barua. Ruguru akaketi bila kukaribishwa.

"Oscar," akasema. "Jumatatu tunaenda Embu. Wewe, mimi na huyu. Utaeleza wewe ni nani, apewe kitambulisho chake."

Gachoki alikuwepo, kwenye kochi, viatu vyenye ncha vimebadilika rangi tu. Alikohoa. Oscar akaketi kwenye mkono wa kiti cha Ruguru, akamshika mkono mama yake mdogo huyo anayemwita tata.

"Tata, hebu niskize kwanza. Kuna timu ya Ujerumani. Alhamisi naenda kupimwa, nikipita natia sahihi. Miaka minne. Unajua nimengoja hii kitu aje? Msimu wa kwanza nilikaa benchi mechi kumi na tisa, natoka hapo naenda kulala chumba moja na watu wanne, hakuna mwenye anajua lugha ya mwenzake. Nimecheza na bega limefungwa bandeji. Sasa wananitaka kwa sababu niko na ishirini na tatu. Wakijua ni ishirini na saba, hawapokei hata simu. Magoti yangu yanajua umri, tata. Pasipoti ndiyo haijui. Nipe mwaka moja tu."

"Majina ya mtihani yanafungwa tarehe thelathini."

"Nitamlipia. Nitamfungulia duka la dawa, kubwa, hapo Embu mjini. Wajina, si hiyo ni poa?"

"Duka la dawa linasajiliwa kwa jina la nani?" Misheck akauliza kwa upole.

Ciakuthii, ambaye muda huo wote alikuwa akimimina chai iliyokwisha kumiminwa, akatoa wazo lake. "Kwani hawezi kuchukua cheti cha Oscar? Kiko hapo tu kabatini. Hakijawahi kutumika. Aende nacho, aitwe Oscar. Jina si ni..."

"Usilimalize neno hilo!" Ruguru akasimama, kikombe kikaanguka kwenye vigae. "Usilimalize, Ciakuthii! Vyeti vyake vya shule vinasema Misheck. Nimempeleka kanisani akabatizwa Misheck. Mwanangu avae jina lililobaki kabatini kama shati la mtumba, kwa sababu mwanao amevaa lake limempendeza? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wewe shibe imekutoa hata macho!"

Gachoki aliinuka pole pole, akarekebisha koti. Alizungumza kwa heshima, na heshima hiyo ilimuudhi Ruguru kuliko matusi.

"Mama, fomu ya pasipoti ina sahihi ya nani? Mimi sikutia. Nino hakutia. Sahihi ni yako. Ulisema mbele ya serikali kwamba wewe ndiye mama mzazi wa huyu kijana. Hiyo ni kesi. Tukizama, tunazama na wewe mbele. Kwa hivyo kesho uje ukule pilau, umbariki mtoto, tumalizane kama familia."

Misheck alimtoa mamake nje kabla hajamrushia birika. Ruguru alisimama kwenye jua la Siakago. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema inakuwaje ukigundua kwamba wewe ndiye uliyeishona nguo yenyewe.

"Mama, tuachane nayo," Misheck akasema. "Wanaweza kukufunga. Nitarudi kwa chai. Si chai ndiyo imenilea?"

Kama angelia, au angetukana, labda Ruguru angetulia. Ila kijana alikuwa akitabasamu, tabasamu lile la kwenye foleni, na Ruguru akaona kwamba mwanawe alikuwa ameshaanza kukubali kutokuwepo.

Jumapili uwanja ulijaa. Mahema matano, viti vya plastiki, kwaya mbili zikishindana, ng'ombe wawili wakichemka kwenye masufuria nyuma ya madarasa. Waandishi wa michezo walikuja na kamera, na kijana mmoja wa Ujerumani aliyeandamana na Gachoki alirusha kila kitu moja kwa moja kwenye mtandao, ili mashabiki wapya waone mtoto anatoka wapi. Oscar aliahidi kuchimbia Siakago kisima cha maji, na watu wanaobeba mitungi kilomita sita walipiga vigelegele mpaka hema likapepea. Hata Ruguru alielewa vigelegele hivyo. Maji ni maji.

Ciakuthii alitoa ushuhuda wake kwa uangalifu mkubwa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru mchungaji, akashukuru mpaka mwenye hema, na hakutaja kinu cha unga, hakutaja mvua, hakutaja mwaka. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Mwendesha sherehe, Mwongera, mtu wa kupenda vichekesho, hakuwa amefundishwa lolote. Alimwona Ruguru safu ya pili. "Na tata yake ametoka mlimani kwa baridi! Mama, njoo usalimie watu wa jua!" Gachoki aliinua mkono kumzuia, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshafika.

Ruguru alikishika kwa mikono miwili. Alikuja Siakago bila mpango, na hata sasa hakuwa na hotuba. Alikuwa na swali.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amen!"

"Mimi ni Ruguru, binti wa mzee Kivuti. Nawauliza watu wa Siakago kitu kimoja. Huyu kijana wenu, nyinyi mnamwita nani?"

"Ninooo!" uwanja ukaitikia. Kijana wa Ujerumani akacheka, akageuza kamera ili achukue umati.

"Sijaskia."

"Ninooooo!"

"Na kwa nini mnamwita Nino?"

Ciakuthii akafumba macho. Lakini nani angezuia watu elfu moja wenye furaha? Hili ndilo jambo walilolijua vizuri kuliko wageni wote, na walikuwa wameulizwa. "El Niño!" wakapiga kelele. Bibi mmoja wa safu ya mbele, Mama Ann, aliyekuwa mkunga wa kijiji, hakungoja kipaza sauti. Alisimama na fimbo yake. "Mimi ndiye nilimshika! Kwa kinu cha posho! Daraja limeenda, maji imefika hapa kwa magoti, na huyu anatoka na unga kichwani kama mzee!" Watu wakacheka mpaka wakashikana.

"Na hiyo El Niño," Ruguru akauliza, "ilikuwa mwaka gani?"

"Tisini na saba!"

Ilitoka kwa mdomo mmoja, watoto kwa wazee, kwa fahari, mbele ya kamera zote. Mwaka ambao hakuna Mkenya asiyeujua.

Kijana wa Ujerumani hakujua Kiswahili, ila aliona uso wa Gachoki, akaacha kucheka. Mwandishi mmoja wa michezo alitoa simu, akatafuta kitu, akamwonyesha mwenzake. Oscar alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima, taji la maua shingoni, mikono magotini. Hakusogea.

"Mwanangu alizaliwa elfu mbili na moja," Ruguru akasema. "Misheck, simama wakuone. Huyo ndiye Misheck Kivuti Mwaniki. Huyu mwenye maua ni Oscar Kivuti Kithaka. Mimi ndiye niliyewachanganya. Nilitoa cheti, nikatia sahihi ya uongo kwa mkono huu. Anayetaka kufunga mtu anifunge mimi, lakini mwanangu nimechoka kumzika akiwa hai!"

Hapo kipaza sauti kikanyang'anywa. Makelele yaliyofuata hayakuwa ya vigelegele. "Wivu! Wivu wa mlimani!" "Mchawi!" "Na kisima chetu je?" Chupa ya soda ilimpiga begani. Ciakuthii alimjia, dada yake wa tumbo moja, akamshika kola ya nguo kwa mikono yote miwili. "Umemuua mwanangu, Ruguru! Umemuua!"

"Wako yuko hapo, ana maua shingoni," Ruguru akasema. "Wangu ulimuua wewe, nami nilikusaidia." Akaitoa mikono ya dada yake kolani, kidole baada ya kidole. Kisha akamgeukia Oscar, ambaye bado hakuwa amesogea. "Kesho saa tatu. Ofisi ya usajili, Embu."

Hakutarajia angekuja. Jumatatu saa tatu alikuwa kwenye benchi la mbao nje ya ofisi na Misheck, na begani alama ya chupa ilikuwa imegeuka bluu. Simu za watu zilikuwa zimejaa video. Timu ya Ujerumani ilikuwa imesema itachunguza, na timu ya Ubelgiji ilikuwa imesema itachunguza. Gachoki alikuwa amezima simu yake.

Karani alikuwa mwanamke kijana, Sheila, mwenye miwani na subira. Alimsikiliza Ruguru mpaka mwisho, akaandika kurasa mbili. "Mama, unaelewa hii ni kosa? Faili itaenda kwa polisi. Naweza nikaandika kwamba hukujua."

"Nilijua. Andika nilijua."

Akatia sahihi. Mwandiko ulikuwa ule ule wa darasa la saba, pole pole, na safari hii kila neno lililokuwa juu yake lilikuwa la kweli.

"Bado namhitaji yule mwingine," Sheila akasema. "Bila yeye siwezi kuondoa alama zake za vidole kwa jina hili. Ngojeni hapo nje."

Saa nne ikapita. Saa tano kasoro, Oscar akaja peke yake, amevaa kandambili na kofia ya sweta imefunika uso. Hakusalimu. Aliketi mwisho wa benchi, Ruguru katikati, Misheck upande wa pili. Ruguru aliona macho yake mekundu, na alijua hakuja kwa wema. Alikuja kwa sababu hakukuwa tena na mahali pengine pa kwenda.

"Umefurahi, tata?" akasema, akiangalia ukuta.

"Sijafurahi hata kidogo. Kuna mtu ana furaha hapa?"

"Mabao arobaini na mawili." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayeng'ata meno. "Miaka sita. Nimekula baridi, nimevunjika bega, nimetukanwa nyani na watu wenye walikuwa wananilipa. Arobaini na mawili. Na yote imeandikwa Misheck Kivuti. Uende ukatafute Oscar kwa mtandao, hakuna. Oscar hajawahi kufunga hata moja. Hajawahi kutoka Siakago." Akainama mbele, akamtazama Misheck kwa mara ya kwanza. "Basi chukua, wajina. Ni zako zote. Si ulikuwa unataka jina?"

"Sikutaka mabao yako," Misheck akasema. Hakuwa akitabasamu. Ruguru hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwona mwanawe amekasirika, na uso huo mpya ulimtisha na kumpendeza kwa pamoja. "Wajina huwa ni watu wawili, Oscar. Wewe ulitaka tuwe mmoja, na huyo mmoja awe wewe. Miaka sita nimekushangilia nikiwa na kikapu mgongoni. Hata mara moja hukuniuliza nakula nini, wala naishi kwa jina gani."

Ruguru alikuwa na maneno mengi ya kuongeza, mfuko mzima, ya miaka yote hiyo. Aliyatafuta, akakuta yamebaki yale yanayomhusu yeye mwenyewe.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Sheila alitoa kichwa, fomu mkononi, akasoma kwa sauti ya kuita watu wengi.

"Misheck Kivuti Mwaniki!"

Wote wawili wakasimama.

Oscar ndiye aliyetangulia. Aliinuka kwa wepesi, mguu mmoja mbele tayari, jinsi alivyozoea kuinuka kwenye benchi kocha akimwita aingie. Kisha akaganda. Sheila aliwatazama mmoja baada ya mwingine, fomu ikining'inia. Kwenye korido hakuna aliyecheka.

"Oscar," Ruguru akasema. "Keti chini, mwanangu."

Akaketi. Misheck akampita mbele ya magoti, akaingia ndani kutoa alama za vidole.